Mwaka mmoja wa masomo ya jioni katika ukumbi wa chini wa kanisa: tathmini ya mzazi

Huduma ninayoitathmini hapa haina bango barabarani wala mapokezi yenye viti vya ngozi. Kila Jumanne na Alhamisi, kuanzia saa kumi na nusu hadi saa kumi na mbili na nusu jioni, watoto wapatao 30 huteremka ngazi za pembeni za kanisa moja katika mji ninakoishi, jimbo la Kentucky, Marekani, huketi kwenye meza za kukunja, na kusaidiwa masomo bila malipo na walimu wastaafu na wanafunzi wa chuo kikuu. Karatasi yao ya kujitambulisha inasema kwamba wamekusudia kuwasaidia wazazi na walimu kuziba pengo la ufaulu linalowatenga wanafunzi wa jamii za walio wachache na wenzao. Binti yangu alihudhuria kuanzia Septemba hadi Mei, akiwa darasa la saba. Siwataji kwa jina kwa sababu wanaofanya kazi pale hawalipwi, orodha ya wanaosubiri nafasi tayari ni ndefu, na mimi nina kasoro za kueleza pamoja na sifa.

Pengo lenyewe si maneno ya wanasiasa. Mtihani wa taifa wa Marekani unaopima sampuli ya wanafunzi wa nchi nzima kwa mizani ya alama 0 hadi 500 uliwapa wanafunzi Weupe wa darasa la nane wastani wa 292 katika hisabati mwaka 2019, na wanafunzi Weusi wastani wa 260. Tofauti hiyo ya alama 32 ilipatikana kabla ya shule kufungwa kwa ajili ya korona, kwa hiyo haiwezi kusingiziwa ugonjwa. Jambo linalonisumbua mimi kama mzazi mkimbizi ni jinsi watoto wetu wanavyohesabiwa ndani yake. Binti yangu, aliyezaliwa katika kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma kwa wazazi waliotoka Uvira, mashariki mwa Kongo, huandikwa katika safu ya Weusi pamoja na watoto wa Wamarekani Weusi, ambao babu zao walifungiwa milango ya shule za Weupe hadi hukumu ya Brown ya Mahakama Kuu ya Marekani ya mwaka 1954, iliyokataza kutenganisha wanafunzi kwa rangi, na kwingi hata miaka mingi baada yake. Wakati huohuo huandikwa katika safu ya wanaojifunza Kiingereza, pamoja na watoto wa kutoka Guatemala na Nepal. Ni sawa na mgonjwa wa malaria na mgonjwa aliyevunjika mguu kuandikiwa dawa kwenye kadi moja kwa sababu wamelazwa wodi moja. Programu yoyote inayodai kuziba pengo lazima kwanza ijue mtoto aliyeketi mbele yake anaumwa nini, na kwa kipimo hicho ndipo nilipoamua kuipima hii.

Tuliifahamu kupitia kituo cha familia kilichomo ndani ya shule ya binti yangu. Wenyeji wengi hawakumbuki vituo hivi vilitoka wapi, nami nilikisikia kisa chake kwa mratibu wa programu. Wilaya 66 za elimu zilizokuwa maskini ziliishtaki serikali ya jimbo, na mwaka 1989 Mahakama Kuu ya Kentucky ikatamka kwamba mfumo mzima wa shule za umma ulikuwa kinyume cha katiba ya jimbo. Mwaka uliofuata ikatungwa sheria mpya ya elimu, na vituo vya familia katika shule zenye watoto wengi wa kipato cha chini ni mojawapo ya matunda yake. Mama anayehudumu katika kituo chetu huwapatia watoto makoti ya baridi na miwani, na ndiye aliyeniandikia anwani ya kanisa kwenye kikaratasi.

Sasa nieleze kilichotokea wiki ya tatu, kwa maana bila hicho nisingekuwa na la kuandika.

Binti yangu alikuwa ameleta nyumbani jaribio la hisabati lenye alama 4 kati ya 20. Mwalimu wake alikuwa ameandika kwamba mtoto hajui desimali na apewe mazoezi ya darasa la nne. Pale kanisani alipangwa meza ya mama mmoja mwalimu mstaafu wa hisabati, mtu wa miaka sabini hivi, ambaye hakumuuliza lolote kuhusu jaribio. Alimpa karatasi nyeupe, akamwambia agawanye 43.5 kwa 3, kisha akanyamaza na kutazama mkono wake. Mtoto aliandika 43,5, akachora mstari wa wima upande wa kulia wa namba hiyo, akaweka 3 ng'ambo ya mstari, akakokotoa kwa kushuka, na chini ya ile 3 akaandika jibu: 14,5. Jibu ni sahihi kabisa. Hapa Marekani, lakini, kigawanyo hukaa kushoto, jibu hukaa juu ya mstari unaoifunika namba kama paa, na mkato hautenganishi desimali bali maelfu. Mwalimu wa shule aliona namba zilizotawanyika upande usio wake, pamoja na mkato usiokuwa na maana kwake, akaweka alama ya kosa.

Yule mama alirudi kwenye jaribio akalisoma upya. Swali la saba liliuliza: malori manne, kila moja likibeba ratili 1,250, yanabeba ratili ngapi kwa jumla? Binti yangu alikuwa ameandika 5. Kwa mtu wa hapa hilo ni jibu la mtoto asiyefikiri. Lakini mtoto aliyefundishwa kwa Kifaransa anaposoma 1,250 huona moja na robo, na moja na robo mara nne ni tano. Hesabu aliijua barabara. Hata tarakimu yake ya 1, ambayo sisi tumezoea kuiandika na kikofia kirefu mbele, ilikuwa imesomwa kuwa 7 mahali pawili.

Nakiri aibu yangu hapa. Mimi nilifundisha shule ya msingi Nyarugusu miaka sita, katika shule za Wakongo zilizofuata mtaala wa Kongo, na mkato huo huo niliuandika ubaoni kwa mkono wangu. Jaribio lilikaa juu ya friji yetu siku tisa, na kila nilipolipita sikuona tatizo lolote isipokuwa uzembe wa binti yangu, ambaye nilimgombeza vya kutosha. Kwa jicho langu daftari lilikuwa sawa. Sikuwa na habari kwamba linasomwa na jicho jingine. Mwalimu wa shule naye hakuwa na habari kwamba kuna jicho lingine la kusoma. Kila mmoja wetu alimwona mtoto mwenye kosa, na hakuna aliyekuwa anasema uongo.

Yule mama hakumwacha binti yangu aende nyumbani na maelezo ya mdomo. Alipiga picha ule mgawanyo, akaandika nusu ukurasa kwa mwalimu akieleza mpangilio wa Kifaransa, na kuomba jaribio lisahihishwe tena kwa kutazama mantiki. Siku mbili baadaye likarudi likiwa na 13. Mwalimu aliongeza mstari mmoja kwamba anao wanafunzi wengine watatu wanaoandika hivyo na kwamba ataanza nao upya. Sifa hiyo ni yake, maana wapo walimu ambao wangeona wameingiliwa.

Kuanzia hapo nilielewa thamani ya daftari la kijani, ambalo hapo awali nililiona kama urasimu. Kila mtoto anayo nakala, nayo ina safu tatu: kazi aliyopewa shuleni, alichokiona msaidizi wa meza, na alichokiona mzazi nyumbani. Mzazi huandika kwa lugha yake. Mimi huandika Kiswahili, na mwanafunzi mmoja wa chuo aliyekulia Mombasa hututafsiria. Wazazi wasioandika hutuma ujumbe wa sauti kwa simu, naye huunakili. Mwalimu wa shule husoma daftari kila Ijumaa. Nilipoandika mwezi wa Novemba kwamba binti yangu huanza kazi za nyumbani saa tatu usiku, baada ya kuwalaza wadogo zake kwa sababu mama yake na mimi sote tunafanya zamu ya usiku ghalani, mwalimu alimruhusu kukamilisha zile za Jumatatu katika kipindi cha kujisomea shuleni. Hakuna mtu aliyetuhutubia juu ya umuhimu wa elimu. Tulizungumza juu ya saa tatu usiku.

Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi ni zamu ya wazazi, na kwa maoni yangu hicho ndicho kipande bora cha huduma yote. Kuna chai, maandazi yanayokaangwa na akina mama wenyewe, na mkalimani anayekaa chumbani badala ya sauti inayokatika kwenye simu. Tulifundishwa kufungua Infinite Campus, mfumo unaotumiwa na shule za umma za Kentucky kuwaonyesha wazazi alama na mahudhurio, na baba mmoja akagundua palepale kwamba binti yake mkubwa amekosa shule siku tano. Hakuwa ametoroka. Alikuwa amekwenda kumkalimania mama yake hospitalini na katika ofisi ya msaada wa chakula, na hakuna aliyepeleka cheti chochote shuleni. Kwa sheria ya Kentucky, siku tatu za kukosa bila sababu inayokubalika zinatosha mwanafunzi kuitwa mtoro. Yule baba alikaa kimya muda mrefu, kisha akauliza cheti hicho kinaombwa dirisha gani. Ukitaka kujua kwa nini alama za binti mkubwa wa familia ya wakimbizi hushuka kila mwaka, anzia hapo kabla ya kuanza kuzungumzia utamaduni.

Jambo jingine la Jumamosi lilihusu neno moja. Jirani yangu, mama wa watoto wanne, alikuja akiwa na furaha kwa sababu mkalimani wa simu alikuwa amemwambia kwamba shule inampendekeza mwanawe apewe elimu maalum. Kwetu mgeni maalum ndiye anayeketi mbele. Yeye alielewa kwamba mtoto ameteuliwa. Alikuwa amekwisha kuwapigia ndugu zake walioko Bukavu. Mkalimani wetu, ambaye ni mtu wa kwao, alivuta kiti karibu naye akamwambia kwa upole, kwa Kiswahili cha kwao: "Mama, hii haiko sifa. Banasema mutoto anapata shida mu kujifunza, banataka kumupima kwanza." Kisha akamweleza kwamba shule haiwezi kumpima mtoto kwa mara ya kwanza wala kuanza kumpa huduma hiyo bila idhini ya mzazi kwa maandishi, kwamba ana haki ya mkalimani katika kikao, na kwamba sheria ya shirikisho inataka mtoto apimwe katika lugha yake ikiwa inawezekana, ili kutojua Kiingereza kusihesabiwe kuwa ulemavu. Alitia saini baada ya majuma mawili, akijua anachokitia saini. Mtoto sasa anapata msaada aliouhitaji. Sidai kwamba shule ilikuwa na nia mbaya; nadai kwamba neno lilitafsiriwa vizuri kwa kamusi na vibaya kwa binadamu.

Katika Jumamosi hiyohiyo mratibu alitusimulia kesi ya Lau ya mwaka 1974, ya watoto wa Kichina wa San Francisco, ambapo Mahakama Kuu ya Marekani ilikataa hoja kwamba kumpa kila mtoto vitabu vilevile na mwalimu yuleyule ni usawa, hata kama mtoto haelewi lugha anayofundishwa. Wazazi kadhaa walikuwa wakidhani kwamba vipindi vya Kiingereza wanavyopewa watoto wao ni hisani ya mwalimu mkuu, na kwa hiyo wanaogopa kulalamika vinapokatizwa.

Dakika ishirini za mwisho za kila kikao watoto hutumia kompyuta ndogo za kanisa kufanya mazoezi kwenye Khan Academy, tovuti isiyotoza ada, iliyotokana na Salman Khan kumfundisha binamu yake hisabati kwa mbali mwaka 2004. Kwa watoto wetu faida yake kubwa ni kwamba masomo yake yapo pia kwa Kifaransa: binti yangu hutazama somo la sehemu, kama nusu na robo, kwa Kifaransa, kisha hulirudia somo hilo kwa Kiingereza, na maneno mapya yanakaa mahali ambapo maana tayari ipo. Sina zaidi la kusema juu ya hilo, ila kwamba kompyuta bila yule mama wa meza isingeuona mkato. Ingesema tu kwamba jibu si sahihi na kumpa swali jingine.

Kasoro ninazo tatu, na ya kwanza ndiyo nzito. Saa hazitoshi. Mafunzo ya ziada yaliyopimwa kwa umakini na watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago katika shule za sekondari za jiji hilo, ambayo yaliinua hisabati ya vijana kwa kiwango kikubwa, yalikuwa ya msaidizi mmoja kwa wanafunzi wawili, kila siku ya shule, ndani ya ratiba ya kawaida ya masomo. Hapa ni msaidizi mmoja kwa watoto wanne, siku mbili kwa wiki, baada ya mtoto kuwa amechoka. Alhamisi nyingi binti yangu alipiga miayo tangu saa kumi na moja. Najua kwamba watu wa kujitolea hawawezi kufanya kazi ya serikali, lakini anayeandika kwenye karatasi kwamba anaziba pengo lazima akubali kuulizwa anazo saa ngapi za kuzibia.

Ya pili ni mawasiliano yao wenyewe. Mwezi wa Februari walihamisha kikao kutoka Alhamisi hadi Jumatano kwa sababu ya theluji, na taarifa ikaja kwa barua pepe, kwa Kiingereza, saa tano usiku nikiwa kazini. Niliendesha gari dakika ishirini na tano juu ya barafu nikakuta mlango umefungwa, pamoja na familia nyingine mbili, mojawapo ikiwa imekuja kwa miguu. Programu inayowafundisha walimu kuwasiliana na wazazi kwa lugha wanayoielewa haikupaswa kuhitaji kukumbushwa hilo. Nililalamika kwa maandishi. Waliomba radhi, na tangu wiki iliyofuata tunapokea ujumbe wa sauti kwa Kiswahili na Kinyarwanda.

Ya tatu ni umri. Wanapokea darasa la tatu hadi la nane tu. Kijana wa jirani yangu mwingine aliwasili akiwa na miaka 17, akapangwa darasa la tisa pamoja na watoto wenye miaka 14, na alipofika kanisani akarudishwa kwa adabu. Kentucky humruhusu kusoma sekondari ya umma hadi afikishe miaka 21, kwa hiyo muda anao, ila ni mfupi, na ndiye aliyeuhitaji msaada kuliko hata binti yangu. Sasa anafanya kazi ya kuosha magari siku za mapumziko na anasema ataacha shule mwezi wa Desemba.

Niongeze dogo ambalo huenda ni tabia yangu ya ualimu wa zamani: wale vijana wa chuo husifu mno. Mtoto akiandika jina lake vizuri hupongezwa kama aliyeshinda kombe, na binti yangu aliwahi kurudi nyumbani akitangaza kwamba yeye ni hodari wa insha wakati karatasi ya shule ilisema 52. Yule mama wa hisabati hasifu ovyo. Akisema "ndiyo", watoto hutabasamu hadi kesho yake. Kwa upande mwingine, nilipenda kwamba watoto wetu na wa Wamarekani Weusi waliketishwa meza moja. Wapo wazazi wa Kikongo, na nilikuwa mmoja wao, wanaowaonya watoto wao wasichanganyike. Mwenzake binti yangu wa meza alikuwa msichana Mmarekani Mweusi wa mtaa huuhuu, ambaye alimfundisha kusoma hesabu za sehemu kwa Kiingereza, naye binti yangu akamfundisha ule mgawanyo wa mstari wa kulia, ambao sasa wanautumia wote wawili kama maandishi ya siri.

Mwisho wa mwaka binti yangu alipanda kutoka ngazi ya chini kabisa kati ya ngazi nne za mtihani wa jimbo katika hisabati hadi ngazi ya pili, yaani bado hajafika pale ambapo jimbo huhesabu kuwa mtoto amemudu. Katika kusoma hakupanda. Ninawapa nyota nne kati ya tano, na ile ya tano nimeizuia kwa ajili ya kijana wa miaka 17.

Usajili wa mwaka mpya hufunguliwa wiki ya kwanza ya Agosti. Anayeishi Kentucky na ana mtoto katika shule ya umma aulize katika kituo cha familia cha shule yake kama kuna huduma ya namna hii karibu, kwani mara nyingi haitangazwi. Siku ya kwanza apeleke daftari la zamani la mtoto, la kambini au la nyumbani, hata likiwa limechanika na limeandikwa Kifaransa kitupu. Sisi letu tulikuwa tumelitupa pamoja na masanduku uwanja wa ndege wa Kigali, ili mzigo usizidi kilo zilizoruhusiwa.